Kidole cha Kupimia Koili

Mume wangu ni fundi pikipiki, na mtu akimtajia kipima umeme huwa mbogo. Yeye koili, kile kifaa cha kuzalisha cheche, huipima kwa kidole: anakisogeza kwenye waya wa plagi, mimi napiga kiki, na akipigwa shoti anacheka, "Moto upo!"

Leo pikipiki kuukuu ya jirani imemtoa kijasho. Amekagua nyaya, ameziunga upya, amebadili koili mbili.

"Zote mbovu! Piga tena, mama watoto!"

Nikapiga huku nimeinama. Cheche ya buluu ikaruka, paa, mpaka kidoleni mwake.

"Baba watoto, moto huo hapo umeruka!"

"Uko wapi? Mbona sisikii kitu?" akafoka, mkono palepale.

Nikamgeuza kiganja. Ncha ya kidole ilikuwa imejaa vidoa vyeusi vya kuungua, imekufa ganzi; koili hazikuwa na kosa.