Rima kwa Risasi Isiyouzwa Dukani

Nilikuwa na miaka arobaini na moja nilipoajiriwa katika karakana moja ya kukereza vyuma huko Rexdale, ng'ambo, upande wa uwanja wa ndege. Tulikuwa mafundi watano na tajiri wetu, Mreno mpole asiyependa maneno. Kila mtu alisimama kwenye mashine yake na vizibo masikioni, akala mkate wake palepale, jioni akaenda zake. Kazi yenyewe haikunishinda, maana nilijifunzia karakana ya reli kule Morogoro. Kilichonishinda ni kukaa siku nzima bila mtu hata mmoja kuniuliza nimeamkaje.

Mke wangu na watoto watatu walikuwa wamebaki Morogoro wakingoja karatasi zao za uhamiaji. Jumapili nilisali na Wakongo waliokodi ukumbi wa shule. Walinipokea vizuri, wakakicheka Kiswahili changu kwamba ni cha redioni, lakini ibada ikiisha kila familia iliondoka na sufuria zake na watoto wake, nami nikasimama kituoni kungoja basi la Kipling.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano akaingia mzee mrefu aliyevaa kofia ya sufu, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Alikuwa Mwestonia, dereva wa tramu aliyestaafu. Viwanda vitatu vilikuwa vimemkatalia kazi yake. Tajiri akachungulia bahasha, akaniita.

Ndani ya bahasha mlikuwa na mchoro wa risasi ya bunduki ya kuwindia, umechorwa kwa penseli kwenye karatasi ya mirabaraba. Haikuwa risasi ya kampuni yoyote. Mzee alikuwa ameibuni mwenyewe: alichukua ganda la kawaida la shaba, akalibana shingo na kuyabadilisha mabega yake. Kwa kuwa risasi hiyo haikuuzwa popote duniani, hata vifaa vyake havikuwepo. Alihitaji rima, chombo chenye midomo mikali ya kukata, cha kuchonga ndani ya mtutu tundu lenye umbo lake hasa, na kalibu za kuyabana maganda.

"Kwa nini usinunue tu ya dukani?" nilimwuliza.

"Mke wangu alipofariki nilianza kuchora," akasema. "Wengine huanza kunywa."

Tuliongea Kiingereza, chake kizito, changu cha kuokoteza. Nilipomwita "sir" alikunja uso, akasema hakuwahi kuwa bosi wa mtu. Nikamweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake huitwa mzee, nalo ni neno la heshima. Akalijaribu mdomoni mara mbili. "Basi niite hivyo," akasema.

Usiku ule niliupitia mchoro nikagundua vipimo vya shingo havijumliki. Jumamosi iliyofuata nilimwonyesha. Akahesabu upya kwa kidole, masikio yakamwiva kwa haya. Alirudi baada ya wiki na mchoro mpya, na chupa ya chai, na mkate mweusi wenye samaki wa chumvi. Tukala kwenye benchi kando ya jiliwa la kubania vyuma. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumamosi asubuhi, hata pale ambapo hapakuwa na jambo la kuangalia.

Kazi ilikuwa ngumu. Rima ya kwanza niliikereza vizuri, lakini iliporudi kutoka kwenye tanuru la kukaza chuma ilikuwa imepinda. Ukiitazama kwa jicho huoni kitu. Ukiizungusha chini ya saa ya kupimia, sindano inacheza. Nikaitupa, nikaanza upya. Ya pili ilitoka imenyooka. Nikakaa nayo majuma, nikinoa mdomo mmoja baada ya mwingine chini ya lenzi, nikipima, nikinoa tena. Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinisimulia habari za tramu: abiria waliolala hadi mwisho wa njia, theluji iliyofunika reli. Nami nilimsimulia habari za nyumbani. Alikumbuka majina ya wanangu wote watatu, akaniuliza juu ya kila mmoja. Hapakuwa na mtu mwingine katika jiji lile aliyeyajua.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, nilimaliza. Rima ilikuwa sawa, kalibu zilikuwa sawa. Nikavifunga kwa karatasi ya mafuta, nikatia tarehe kwenye karatasi ya kazi, nikaviweka vyote kwenye droo yangu.

Jumamosi mzee akaja. "Bado?"

Sijui nilichotarajia kusema. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Bado kidogo. Mdomo mmoja haujakaa vizuri."

"Usiharakishe," akasema, akamimina chai.

Jumamosi iliyofuata nikasema vilevile. Nilijua kwamba msimu wa kulungu huko kaskazini hufunguliwa mwezi wa kumi na moja na haukawii kufungwa. Nilijua pia kwamba fundi wa bunduki alihitaji siku zake za kuchonga mtutu. Yote hayo niliyajua, na bado nikafunga droo.

Jumanne yake mzee alipiga simu karakana wakati mimi niko nje. Tajiri akafungua droo yangu, akamwambia kwa furaha kwamba kazi imekwisha, karatasi yake imetiwa tarehe ya siku kumi na mbili zilizopita.

Mzee alikuja siku hiyohiyo. Hakuketi. Alifungua kifurushi, akaigeuza rima mwangani, akaona ilivyong'aa.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilikuwa na uongo wa tatu tayari, nikauacha. "Kwa sababu ukiichukua hutakuja tena."

Akaifunga tena rima kwenye karatasi yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ungeniambia tu," akasema. Akaweka kifurushi kwenye mfuko wa koti, akatoka. Msimu ulimpita.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa ndefu. Ndoo ile niliirudisha chooni. Mwezi wa kumi na mbili nilipompigia mke wangu kwa kadi ya simu, nilimwambia yote.

"Umemwomba radhi?" akauliza.

"Nilimweleza sababu."

"Sababu si radhi, baba watoto. Mtu mzima unaficha kitu cha mwenzio kama mtoto! Nenda kwake."

"Sijui anapoishi."

"Hukuandika anwani kwenye karatasi ya kazi yake?"

Nilikuwa nimeiandika.

Nilikwenda Jumapili moja ya mwezi wa kwanza badala ya kwenda kanisani. Basi, treni ya chini ya ardhi, kisha tramu hadi mashariki ya jiji. Mzee alifungua mlango akiwa na tambara begani. Nikasema yale niliyojiandaa kusema: kwamba nilimwibia msimu wake, na kwamba naomba anisamehe. Nilisema nikiwa nimesimama kwenye theluji.

"Ingia, joto linatoka," akasema.

Mbele ya meza ya jikoni palikuwa na kiti kimoja tu, na juu ya meza maganda ya shaba yamepangwa safu. Bunduki ilikuwa imekwisha kuchongwa mtutu. Akaleta kiti cha pili kutoka chumba cha kulala, akakipangusa vumbi.

Mwisho wa mwezi wa pili alinipeleka kwenye uwanja wa kulengea shabaha, kaskazini ya jiji, katika gari lisilopata joto. Alifyatua risasi tano za kwanza. Tukatembea kwenye theluji hadi kwenye karatasi ya shabaha. Matundu yalikuwa yamekaa karibukaribu, lakini si karibu kuliko ya risasi ya dukani aliyoitumia miaka yote. Alipima mara mbili. Kisha akacheka hadi akashika kigingi. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, nami nikacheka, sauti zetu tu kwenye uwanja mzima.

Mwaka ule karatasi za mke wangu zilirudishwa. Sahihi moja ilikosekana, tukaanza upya. Mzee aliendelea kuja Jumamosi moja moja, magoti yakimruhusu. Mwezi wa kumi na moja alipanda kaskazini kuwinda, peke yake.

Siku ya nne tajiri aliniita kwenye simu. Nikaziba sikio moja kwa kidole kwa ajili ya kelele.

"Kulungu mmoja," mzee akasema. "Alianguka palepale." Nilisikia magari yakipita nyuma yake, alikuwa kwenye kibanda cha simu kando ya barabara. "Sikuwa na mwingine wa kumwambia."

"Hongera, mzee," nikasema.

Hakukata simu. Nikamwuliza kama huko kuna baridi. Akasema ipo, tena kali, akaanza kunieleza habari za njia.