Mteuzi wa Sataranji kutoka Isaka

Juma lililopita tulimzika Stanslaus Maduhu pale Isaka. Nilikwenda kwa makusudi, basi mbili na kipande cha lori, si kwa huzuni. Nilitaka kuona akifukiwa. Wakasoma wasifu wake: karani mwaminifu wa reli kwa miaka ishirini na sita, mpenda watoto, mtu aliyeufundisha mkoa mzima sataranji. Mpenda watoto! Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu nikabana midomo, maana msibani hatubishani. Sasa niko kwangu Nyarugusu, na yaliyobaki nitayasema mimi, Esta, Mama Limi.

Ukarani ni kweli, siukatai. Aliajiriwa stesheni ya Isaka mwaka 1962, kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Sataranji alijifunzia hapohapo, akawa anaicheza kwa simu ya reli na karani mwenzake wa Tabora. Kila mmoja alikuwa na ubao wake. Huyu anataja kete aliyoisogeza, yule anajibu, na abiria tumesimama dirishani tunangoja tiketi. Mwaka 1969 nilisimama dirisha lile na binti yangu Limi mgongoni, analia kwa joto. Tukaambiwa tungoje, Bwana Stanslaus anafikiri. Hakuinua hata kichwa.

Limi akakua machimboni huku Nyarugusu, mimi nikiwauzia wachimbaji maandazi na uji. Fundi wa pampu mmoja, mzee Pantaleo, ndiye aliyemfundisha mchezo huo kwenye ubao wa boksi. Wafalme walikuwa betri za redio zilizokwisha, askari walikuwa vizibo vya soda. Alipofika miaka kumi na tatu hakuna mchimbaji aliyemweza. Watu wazima wenye vumbi la dhahabu kwenye nyusi walikaa mbele ya mwanangu wakajikuna vichwa, nami nilijidai, tena sana.

Mwaka 1983 likaja tangazo. Chama cha sataranji kilitaka vijana wa chini ya miaka kumi na sita waingie timu ya taifa, wakashindane ng'ambo na vijana wa nchi nyingine. Upande wetu ulipewa nafasi moja tu, na mteuzi akawa Stanslaus Maduhu. Tukapanda basi hadi Shinyanga. Kwa siku mbili, kwenye darasa moja lenye madirisha yaliyovunjika, Limi aliwafunga wavulana tisa. Wakabaki wawili, yeye na Bashiri, mtoto wa muuza vitambaa wa pale mjini, kijana wa mdomo mrefu asiyemsalimia mtu.

Stanslaus akatangaza kwamba asubuhi kila mmoja atacheza naye mchezo mmoja, kisha atamtaja atakayekwenda. Hakusema anatafuta nini. Mtu anashika maisha ya watoto wa wenzake mkononi, na hata kusema anachotaka anaona uvivu.

Bashiri alianza. Alimfunga Stanslaus huku anatafuna karanga, akasimama bila kuaga. Nilifurahi. Nilijua hakuna mzee atakayevumilia utovu ule.

Akakaa Limi. Alipiga goti, akaamkia, akapokea marahaba, akaanza. Mimi kete nazijua kidogo, lakini nyuso nazijua vizuri, na uso wa Stanslaus ulianza kutoka jasho. Mfalme wake alikuwa amebanwa pembeni. Mzee Pantaleo, aliyetusindikiza, alinigusa kiwiko. Ndipo Limi akamchukua malkia wake mwenyewe akamweka wazi, mahali ambapo hata mimi niliona ataliwa. Stanslaus akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akamla malkia, akamaliza mchezo, akaandika kwenye daftari kwamba Limi ameshindwa, akalitaja jina la Bashiri.

Nilimfuata uani nikamuuliza ameona nini kwa yule mtoto asiye na adabu.

"Mama Limi," akasema, "mwanao alikuwa ameshanifunga. Akaniachia. Mimi natafuta mtoto atakayekaa mbele ya watu wazima asiowajua na kuwafunga bila haya. Nani alimwambia aniachie?"

Nikamwomba apange kete upya. Akasema mchezo umekwisha, akafunga daftari, akaenda kuwahi treni yake. Kwa hilo sitamsamehe hata chini ya udongo. Alijua, na alikuwa na saa nzima kabla ya treni. Kupanga kete thelathini na mbili kungemchukua dakika mbili.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tulilala kwa shangazi yangu. Nilikuwa nimemkalisha Limi chini nikamwonya. Nilimwambia kesho wanaangalia tabia, si mchezo. Kwamba unacheza wameshajua. Kwetu mtoto wa kike hamwangushi mtu wa rika la babaye mbele za watu. Akaniuliza, mayu, yaani mama, hata kama nimeshambana? Nikamwambia, hata kama.

Bashiri alikwenda ng'ambo akarudi na begi lenye bendera. Limi hakugusa kete tena. Sasa ameolewa Nkome, anaanika dagaa, ana mtoto mmoja. Nikitoka msibani nilipitia kwake. Nilimkuta ufukweni anageuza dagaa, nikamwambia Stanslaus Maduhu amekufa, tena nikaongeza matusi yangu ya miaka mitano, kwamba yule ndiye aliyemnyima dunia.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, mikono yake ikiendelea na kazi.

"Yule nilikuwa nimeshamshinda, mayu," akasema. "Aliyenishinda mimi ni wewe."