Kompyuta ya Mokami

Mzee Wangwe wa Genkuru hakuwahi kuacha mawe yake karashani. Miaka yote ya kusaga mawe ya dhahabu alikaa kando ya mashine hiyo, vumbi hadi kwenye kope. Wenye karasha wana yao. Ukijisahau, unga wako unabaki kwenye kona za ndani, nawe ukiondoka wanaufagia wao. Ndiyo maana mwenye mawe ana haki ya kusema: zima, fungua, nifagie.

Basi hata kompyuta ya marehemu mkewe hakumwachia fundi. Mokami alikuwa akichapia watu barua kwa kompyuta ile. Humo alijirekodi akiimba peke yake, kujifunza sauti ya pili ya kwaya. Mzee hakuwa na sauti yake popote pengine. Sasa mashine ikiwaka, inaganda, inazima.

Fundi alikuwa Ndalahwa, Msukuma aliyefuata dhahabu akaishia kwenye kompyuta. Alimwamkia mzee, akamweleza taratibu. Prosesa, ubongo wa mashine, ina maelekezo yake ya ndani, na ya hii yamezeeka, yana kasoro. Mapya anayo kwenye flashi. Atayaingiza kupitia BIOS, ile sehemu inayoamka kabla ya vingine vyote. Sauti haiguswi. Ila umeme usikatike katikati.

"Unaingiza," mzee akasema. "Na unatoa nini?"

"Sitoi kitu, baba."

"Wote husema hivyo."

Mstari ukaanza kujaa kwenye kioo, polepole. Ulipofika nusu, kioo kikawa cheusi, feni ikavuma. Kwamba kingezima kidogo, hilo Ndalahwa hakulisema. Alikuwa amegeuka kupokea simu, anaongea Kisukuma, anacheka. Kile kicheko ndicho kilichomtosha mzee. Akanyoosha mkono, akazima swichi ya ukutani.

"Fungua. Nione kilichobaki ndani."

Ndalahwa akaitazama swichi. Akaiwasha. Akabonyeza mara moja, mara mbili, mara kumi. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi.

"Baba, umeiua."

Mzee akakaa kwenye stuli. Maziko mawili kwa mwaka mmoja.

Ndalahwa hakumfokea. Alifungua skrubu, akachomoa diski, akaiunga kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kilichokufa, alisema, ni maelekezo ya kuiamsha mashine. Vilivyohifadhiwa vinakaa kwingine. Akatafuta. Mokami akaimba, akakosea, akacheka, akaanza upya.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, ameinama.

Ndalahwa akashauri amnakilie sauti ile kwenye flashi, nakala ziwe mbili, maana diski nayo ina siku zake. Alikuwa nayo moja tupu, bure. Mzee akaigeuza ile flashi kiganjani, akamrudishia.

"Nakili. Lakini kwa flashi yangu."

Akainuka kwenda dukani kuinunua. Diski akaenda nayo.