Gari la Kiti Kimoja

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu Sumaili, na kwa kuwa umeuliza, nitakusimulia. Ilikuwa Jumapili asubuhi, jua limeshapanda juu ya mapaa ya Milamba, mtaa wetu huu wa Mocímboa, nami nimelala chali chini ya gari uani kwangu, nakaza nati. Ndiyo siku uliyozaliwa wewe. Baba yako Momade hakukuambia haya, namjua, hana tabia ya kumsema mtu. Amekuleta kwangu ujifunze ufundi, akanipa mkono, akarudi Pemba, mji wa kusini kwetu, bila neno la ziada. Basi hili la kusema ameniachia mimi.

Juzi uliniuliza lini nitakufundisha kulishusha gari na kulitengeneza la mashindano, kama lile la picha uliyoikuta kwenye sanduku la spana. Niliinama nikaendelea na kazi, ukadhani nimeudhika. Sikuudhika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na mtu mwenye mvi akitafuta pa kuanzia hachukui dakika mbili kama ninyi.

Gari lile lilikuwa la marehemu baba yangu. Gari dogo la Kijapani, la zamani hata wakati ule, milango minne, linavutwa na magurudumu ya mbele. Mtaa mzima ulilipanda. Bibi harusi alipelekwa kwa mumewe kwa gari lile, mgonjwa alipelekwa hospitali, na maiti ililetwa nyumbani. Mlango ukigongwa, baba alivaa kanzu huku anatembea, hata hakuuliza ni nani. Mimi nikaona ni usumbufu mtupu. Siku moja nikamwambia watu hawa watakumalizia gari. Akacheka, akasema, "Watalimaliza kwa kulipanda. Wasipolipanda, kutu italimaliza."

Baba akafa siku zile gesi ilipoanza kutajwa na kila kinywa. Wageni wakajaa, nyumba za kupanga zikapanda bei, na vijana tukaacha kuuliza habari za samaki tukauliza habari za ajira. Nikapata kibarua Afungi, kwenye kambi ya kampuni ya gesi, jikoni, ndani ya uzio. Wiki nzima nzima namenya viazi vya watu nisiowajua majina, kisha napewa likizo, narudi Mocímboa na mshahara mfukoni. Kule ndani tulikuwa wengi, na kila mtu alikula akitazama sahani yake. Nilikuwa mpweke, mwanangu, ila wakati ule sikujua kama ule ndio upweke. Nilidhani ni uchovu.

Madereva waliotoka Nampula na kwingine ndio walioleta habari ya mashindano. Jumapili alasiri walikutana kwenye lami iliyonyooka, njia ya kwenda Diaca, magari mawili mawili, anayefika kwanza mwisho wa kipande ndiye bwana. Hakuna kona, hakuna ujanja, ni kuondoka tu. Nilikwenda mara moja kutazama, na moto ukaniingia.

Sasa sikiliza ufundi wake, maana najua masikio yako yamesimama hapa. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina ugonjwa mmoja. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, uzito wote unakimbilia nyuma, mbele panakuwa pepesi, na matairi yanayovuta yanazunguka bure yakitoa moshi. Dawa ni kulifanya lisiinue pua. Nikakata springi za mbele, likainama. Za nyuma nikazibana kwa vipande vya mpira mgumu, lisikae kitako. Kisha nikaanza kupunguza uzito wa nyuma. Nikatoa tairi la akiba, nikatoa zulia, nikang'oa kiti kirefu cha nyuma. Likakimbia zaidi. Nikang'oa na kiti cha abiria pale mbele. Likabaki na kiti changu peke yake, na mimi nikaona nimefanya jambo la maana sana.

Viti nilivitupa nyuma ya nyumba, kuku wakataga humo. Gari likawa chini hata mchanga wa mtaani kwetu likawa haliuwezi, nikalitandikia mbao hadi lifike barabarani. Bomba la moshi nililipanua, likalia mpaka watoto wachanga wakaamka. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, wazee walisema nikipita, na mimi nikawaongezea mvumo.

Hukumbuki, hukuwepo, lakini mimi na baba yako tulikua kama pacha. Nyumba yetu na yao zilitenganishwa na ua wa makuti, na ua wenyewe ulikuwa na tundu tulilolitoboa sisi. Kwa bibi yako Anchia, mama wa baba yako, sikuwahi kubisha hodi. Tulipokuwa wadogo tulipeana ahadi, mwanawe wa kwanza wa kiume atakuwa somo wangu, ataitwa Buraimo kama mimi, na wangu ataitwa Momade. Alipooa mama yako alinikumbusha, na mama yako alipopata mimba akanikumbusha tena, lakini mimi wakati ule nilikuwa nazungumza matairi. Nadhani nilimjibu, "Inshallah," bila kutoa kichwa kwenye injini.

Basi Jumapili ile nikiwa chini ya gari nikasikia gurudumu linalialia kwenye mchanga. Nikageuza shingo. Kwa pale nilipolala niliona miguu tu. Miguu ya mwanamume mmoja nisiyemjua, imejaa vumbi, inasukuma. Miguu ya baba yako. Miguu ya bibi yako, naijua ile, ameshika pindo la kanga. Nikatambaa nikatoka.

Walikuwa wamemlaza mama yako juu ya mkokoteni wa muhogo, wamemtandikia mkeka, na bibi yako amemwinamia na kanga kumkinga na jua. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, wanampeleka hospitali, na pikipiki asingeweza kuikalia. Walipita mbele ya lango langu, lililokuwa wazi, na gari ndani yake, na mimi mwenyewe nimesimama na spana mkononi.

Baba yako akanitazama akasema, "Salama, Buraimo?"

Nikajibu salama. Akapita. Mwanangu, alinisalimu kama unavyomsalimu mtu uliyekutana naye sokoni. Hakuniomba kitu, na hakuwa na hasira.

Nikawakimbilia. Nikamshika bibi yako mkono, nikamuuliza kwa nini hawakunigongea, gari si lipo. Hakusimama, alinijibu akitembea, kwa sauti ile ile aliyonilelea.

"Tungempakia wapi, mwanangu? Gari lako lina nafasi yako."

Kisha akasema nirudi, kazi yangu isiharibike, wao wanakaribia kufika. Hawakuwa wanakaribia. Nikabaki katikati ya njia nikitazama mkokoteni ukizama mchangani na kunyanyuliwa, ukizama na kunyanyuliwa, mpaka wakakata kona.

Utaniuliza kwa nini sikuwafuata nikasukuma. Nami nimejiuliza. Niliona aibu, na mtu mwenye aibu hukimbilia penye kelele. Nilikwenda kwenye mashindano.

Na nikashinda. Watu wanapenda kusimulia kwamba mkaidi hupata ajali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu zima, litazame. Nililiacha gari la Mnampula nyuma kabisa, mkono haujatulia kwenye gia. Desturi pale ilikuwa mtu akishinda, rafiki zake wanajazana ndani ya gari lake, wengine wanakaa madirishani, wanarudi mjini wakiimba na kupiga honi. Wakanijia vijana watatu nisiowajua, wakafungua mlango, wakachungulia. Mmoja akacheka, akaufunga polepole. Wakaenda kupanda gari jingine. Nikarudi peke yangu, nimekaa kwenye kiti changu kimoja, upepo ukipita pale palipokuwa na watu, na nikalia barabara yote mpaka nikaona taa za mjini.

Ulizaliwa salama, alhamdulillahi, na mama yako alikuwa mzima. Hakuna aliyekuja kuniambia, nilisikia vigelegele kupitia lile tundu la ua. Nilichukua sukari na sabuni nikaenda. Nilipoingia, wakasimama, wakaniletea kiti. Katika nyumba ile, tangu nizaliwe, mimi nilikaa mkekani na wenzangu. Siku ile nilikaa juu ya kiti kama mgeni aliyetoka Maputo, nikanywa chai, nikaulizwa habari za kazi.

Siku ya saba wakakupa jina. Yule mwanamume mwenye miguu ya vumbi alikuwa Sumaili, mkulima wa Diaca, aliyekuja na muhogo wake sokoni. Aliumwaga wote mchangani alipoombwa mkokoteni, akausukuma mwenyewe, na aliporudi muhogo ulikuwa umeshachukuliwa na wapitao. Baba yako alinijia kabla ya shughuli, akanikalia karibu kama zamani. Akasema, "Jina lako nilikuwa nimeliweka, ndugu yangu. Lakini mama anasema mtoto aitwe kwa yule aliyembeba." Nikamwambia ni haki. Na ni haki, Sumaili, lile jina umelipata pazuri. Lakini mimi sikujaliwa mtoto, na hadi leo hakuna duniani somo wangu.

Viti nilivirudisha. Nilifukuza kuku, nikaosha, nikavifunga na bolti mpya, nikatafuta springi nzima. Jioni nilifungua milango yote minne nikakaa kizingitini, watu waone. Walipita wakanisalimu. Wengine baadaye walipanda, lakini waliuliza kwanza nauli ni kiasi gani. Kisha ikaja vita, mtaa ukatawanyika, gari likaungua pamoja na nyumba, nikaokoa sanduku la spana tu, na wale ambao ningetaka wanigongee sijui hata wengine wamezikwa wapi. Nimerudi, nimejenga, lakini nyumba nyingi humu mtaani zimefungwa. Kuna siku zinapita sijasema neno ila kwa wateja.

Sikukatazi ufundi. Springi nitakufundisha, na kesho tutaanza na kuzitoa bila kuumia, maana ikikuruka inavunja taya. Chuma si haramu na mbio si haramu. Lakini shika hili langu. Kabla hujatoa kiti, muulize aliyekuwa akikaa hapo. Ukipata kitu, gari au kazi au cheo, watu watakuja kukitaka, na utachoka, na utasema wananimalizia. Waache wakumalizie. Adui si yule anayekugongea mlango wakati umechoka. Ogopa siku watakapopita mlangoni kwako wana shida, wakakusalimu vizuri, wakaenda zao. Mtu ni watu, mwanangu, na watu hawakuachi kwa ugomvi peke yake. Wanakuacha pia kwa adabu.

Mungu akupe umri, Sumaili, akupe mikono mizuri ya kazi na riziki isiyokauka. Akupe na watu wengi wa kukusumbua. Amina.