Kadi ya Upepo

Kompyuta ya kiwandani ilikuwa imechakaa kabla haijatufikia. Wenye kiwanda waliinunua kutoka shirika la umma lililokuwa linavunjwa na kuuzwa kwa mafungu, kama yalivyouzwa mengi miaka ile. Ilikaa katika chumba kilichopakana na mtambo wa barafu, na kazi yake ilikuwa kutunza uzito wa minofu ya sangara iliyopakiwa kwenda Ulaya. Mimi nilikuwa fundi wa majokofu. Mambo ya kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa kusoma kitabu chake mara ya kwanza bila kuelewa, na mara ya pili nikiwa na kamusi.

Kiwanda kilikuwa Kirumba, ukingoni mwa ziwa. Ofisi kuu ilikuwa Nyamagana, mjini. Kila asubuhi niliweka takwimu kwenye disketi, na tarishi akaipeleka mjini kwa baiskeli ya kiwanda. Alikuwa mzee wa Kisukuma kutoka Kisesa, aliyepunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba. Mke na watoto walibaki kule, nao walikula kwa baiskeli hiyo. Kwa umri wake, na kwa jinsi vijana walivyojipanga getini kila alfajiri wakiomba kazi, asingepata nyingine. Hilo alilijua yeye, nililijua mimi, na meneja wetu alilijua vizuri kuliko sisi.

Meneja alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam. Hakumwamkia mzee hata siku moja. Alimwita Posta.

Kisha zikaja kadi mbili. Moja ichomekwe ndani ya kompyuta yetu, nyingine ndani ya kompyuta ya mjini, kila moja na waya wake hadi kwenye antena juu ya bati, na mashine hizo mbili zingepelekeana takwimu bila waya kati yao. Kwa kuwa watu walizoea simu ya upepo ya polisi na ya misheni, wakaiita kadi ya upepo. Fundi aliyetoka nazo Dar aliifunga ya mjini, akaniachia karatasi ya maelekezo na kurudi kwao. Ya kwetu nikaifunga mimi.

Mzee alinishikia ngazi nilipopandisha antena.

"Fundi," alisema kutoka chini, "hiki kidude kikianza kuongea, mimi nitaongea na nani?"

Nilikaza skrubu za antena, nikashuka.

Kidude hakikuongea. Taa ya kadi iliwaka, ikapepesa, ikazima. Nilibadilisha nafasi ya kadi ndani ya mashine, maana mashine za zamani zilikuwa na tabia ya kugombanisha vifaa viwili vinavyotumia njia moja. Nilitoa hata kadi ya sauti isiyotumika. Nilikagua waya kwa mita, nikaigeuza antena kidogo kidogo kuelekea mjini. Taa ikapepesa vilevile. Na kila siku iliyopita, mzee alipanda baiskeli na disketi mfukoni.

Meneja alichoka kusubiri. Akamgeukia mzee mbele ya makarani.

"Posta, nasikia kwenu Kisesa kuna dawa kali. Umeifunga hii mashine?"

Makarani wakacheka. Mzee hakucheka. Usukumani kumwambia mzee ana dawa ni kumwita mchawi, na neno hilo si la mchezo. Kuna watu waliokatwa mapanga kwa sababu ya neno hilo.

"Mimi ni Mkristo, bwana meneja."

"Sawa, Mkristo. Basi sema hivi: lori la barafu limerudi Kirumba."

Mzee alinitazama, akatazama mlango.

"Sema, tukupe disketi uende."

"Loli la balafu limeludi Kilumba."

Walicheka hadi karani mmoja akaegemea ukuta. Meneja akamwambia arudie. Akarudia. Mara ya pili mimi sikusikia kicheko, nilisikia neno la mwisho. Karatasi ya maelekezo ilisema kadi zote mbili lazima ziandikwe jina moja la mtandao, herufi kwa herufi, na kwamba jina letu ni jina la mahali kiwanda kilipo. Mimi nilikuwa nimeandika KIRUMBA, kama kila mtu wa Mwanza anavyoandika.

"Mzee," nikamwuliza, "yule fundi wa Dar, jina la mahali hapa aliambiwa na nani?"

"Na mimi. Nilikuwa nimepeleka disketi. Akaniuliza, unakotoka panaitwaje? Nikamwambia, Kilumba."

Nilikaa mbele ya kibodi, nikafuta R, nikaweka L, kama fundi wa Dar alivyosikia. Taa ikawaka na haikuzima tena.

"Imekubali, fundi?" mzee aliuliza, na kwa namna fulani alifurahi, kwa sababu tulikuwa tumehangaika nayo pamoja.

Meneja akapiga makofi.

"Kumbe ulimi wa Posta ndio uliomlindia kazi! Basi tumtendee haki. Mashindano. Fundi atume takwimu za leo kwa upepo, Posta azipeleke kwa baiskeli. Posta akifika kwanza, kazi yake anabaki nayo."

"Kweli, bwana meneja?"

"Mashahidi hawa hapa."

Mzee alifunga miguu ya suruali kwa kamba. Alichukua disketi kwa mikono miwili, akatoka. Dirishani tulimwona akipita katikati ya kina mama waliokuwa wakinunua mapanki, mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, amesimama juu ya pedeli. Karani mmoja alimpigia mluzi.

Nilituma faili. Mashine ikafika katikati, ikakwama. Nikaizima, nikaiwasha, nikasubiri ihesabu kumbukumbu yake yote kama ilivyopenda kufanya, nikatuma tena. Ikakwama tena. Mara ya tatu ilipita. Meneja akapiga simu mjini, akasikiliza, akakunja uso.

Mzee alikuwa ameshafika. Katibu wa ofisi ya mjini alisema amekaa chini sakafuni, hawezi kuongea, lakini disketi ilikuwa mezani kabla ya faili.

"Mwambie aiache baiskeli hapohapo," meneja alisema kwenye simu. "Kuanzia leo hana kazi."

Mzee alirudi kwa miguu kuchukua koti lake. Meneja alimkuta mlangoni, akamwambia bila kusimama, "Mzee, na wewe uliamini?"

Mzee alivaa koti. Alikuwa bado anatweta.

"Fundi, nilitangulia au sikutangulia?"

"Ulitangulia, baba."

"Basi," alisema, na akashika njia ya Kisesa.