Hina Niliyoimwaga

Juzi mjukuu wangu aliketi hapa barazani kwangu, Naliendele, akajipaka mafuta ya mgando kuzunguka kucha, kisha akakata kipande cha godoro. Godoro langu, ndugu yangu, wala hakuniomba! Akakipaka rangi mbili ubavu kwa ubavu, nyekundu na waridi, akawa anakigonga kwenye kucha polepole. Akikiinua, ncha imekolea, shina limepauka, na katikati huoni hii imeishia wapi.

"Bibi, lete mkono na wewe, mke mwenzangu."

Nikauficha ndani ya kanga. Kama mwizi.

Kwetu Mpapura tulifanya hivyo hivyo kwa hina. Bibi yangu ndiye aliyepamba maharusi. Alipaka kucha nzima, ikikauka anaosha. Akapaka tena kuanzia katikati. Mwisho ncha tu. Kazi ya kutwa, nyumba inanukia majani na ndimu. "Hina haikimbizwi," alikuwa akisema. Tena hina maji ya udhu yanapita, si hizi za chupa, mpaka ufute ndipo uswali. Lakini hayo tuyaache.

Basi mdogo wake mama alikuwa anaolewa. Bibi alimaliza mpako wa kwanza, akaosha, akaenda kuswali adhuhuri, mimi nikaachiwa bakuli nifukuze nzi. Mimi nilitaka ncha nyeusi tii. Piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, hatukuwa nayo. Ila mama jirani alikuwa anabangua korosho, na vidole vyake vilikuwa vyeusi msimu mzima, sabuni haivitoi. Nikasema, rangi si hiyo hapo! Sikujiuliza kwa nini kila mara alichovya vidole kwenye majivu. Nikaokota maganda, nikayaponda, yale maji yake meusi nikajipaka kidole cha shahada. Kisha nikaona uchoyo kupendeza peke yangu. Yaliyobaki nikayamimina kwenye bakuli la bibi harusi, nikakoroga.

Bibi akarudi. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikwisha kaa mkekani, wanatazama. Hapo kidole kikaanza kuwasha, halafu moto, halafu ngozi ikafura. Nikafahamu kazi ya yale majivu. Nikisema, nachapwa mbele ya wakwe. Nisiposema, mama mdogo anaingia kwa mumewe mikono ina malengelenge.

"Una nini, unarukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto?" Bibi akauliza.

"Mwacheni, naye anataka mume," mama mdogo akasema. Wote wakacheka.

Bibi akachovya kijiti, akashika mkono wa bibi harusi. Nikalipiga bakuli teke. Hina yote mkekani, na nyingine hatukuwa nayo.

Bibi akanivuta mkono, akakinusa kidole, akanitazama usoni muda mrefu. Kisha akawageukia wakwe, anatabasamu. "Basi, imetosha. Siku hizi maharusi wanapenda iliyopauka. Ndio mtindo."

Akanipeleka uani, akanisugua kwa mafuta ya nazi. Hakunichapa, hakunisema, siku ile wala baadaye, na hilo ndilo lililonitesa. Kila akiniita nilidhani leo ndiyo leo. Mama mdogo akaenda kwa mumewe ng'ambo ya Ruvuma na kucha za mpako mmoja, asijue. Nilijiahidi nitamwambia akija. Ikaja habari ya msiba wake. Bibi naye akaondoka. Mhina wa uani umekatwa, pamejengwa choo. Anayelijua jambo lile nimebaki mimi na kidole changu.

Mjukuu akaufukunyua mkono kwenye kanga. "Hee, Bibi! Hii kucha mbona imejikunja?"

"Paka tu. Ila hiyo waridi peke yake, mara moja."

"Sasa Bibi, hapo si bado sijamaliza?"

"Acha hivyo hivyo," nikamwambia. "Mama mdogo aliolewa hivyo."