Picha ya Mama Regina Niliyoipeleka Kanazi

Niliondoka Biharamulo kwenda Kanazi, wilayani Ngara, kwa sababu binti yangu Regina alikuwa anahamia nyumba yake mpya. Alinipigia simu akasema, "Baba, ukija usiniletee treni. Niletee mama."

Anayeijua sebule yangu ataelewa. Nilikuwa mchochea moto wa garimoshi huko Tabora. Injini za mvuke zilipoondolewa kazini, niliomba michoro yake ya kihandisi iliyokuwa inatupwa. Ni karatasi za buluu zenye mistari myeupe: boila lililopasuliwa ili mabomba ya ndani yaonekane, pistoni, magurudumu, kila kipimo kwa futi na inchi. Niliileta Biharamulo, ambako hata reli hakuna, nikaijaza kutani.

Fremu ziliponiishia, niliifungua ile yenye picha ya mke wangu, picha pekee aliyowahi kupigwa. Nikauweka mchoro wa boila mbele, picha nikaiacha humo humo nyuma yake. Mama Regina alicheka. "Umenifukia chini ya boila," alisema. "Ukinitaka, piga honi." Nilimwahidi fremu nyingine. Alifariki sijaitafuta.

Asubuhi ya safari ningeweza kuifungua fremu nikatoa picha tu. Sikufanya hivyo. Nilitaka mchoro nao ufike. Nilijiambia kwamba Regina akiuona umetundikwa ataupenda. Nikaifunga fremu nzima kwa kitenge cha marehemu.

Lusahunga nilibadili gari. Dereva alitaka kuifunga fremu juu ya keria.

"Hapana, mwanangu, nitaipakata."

Kitenge kikateleza, akauona mchoro. "Eh, mzee! Kumbe Ngara wamepata reli na sisi hatujaambiwa?"

"Hii inapita ukutani tu."

"Basi hiyo haina ajali!"

Abiria wakacheka, nami nikacheka.

Kutoka hapo tulikwenda nyuma ya malori yaendayo mpaka wa Rusumo, yakipanda milima polepole kwa kishindo. Nilipenda kuyasikiliza, maana mlima ndio ulikuwa unatutesa na sisi wa garimoshi: mlima ukija, unatupia makaa motoni bila kupumzika. Kasulo malori yakaendelea kuelekea mpakani, sisi tukakata kwenda Ngara. Mjini nikachukua bodaboda. Migomba ilikuwa imelowa pande zote mbili, na mvua ilipotukuta niliiinamia fremu mpaka mgongo ukauma.

Kanazi nilifika nguo zikinitiririka maji. Mkwe wangu Petro alinipokea kwa shikamoo na kiti cha karibu na moto. Nyumba ilinukia rangi mbichi. Sebuleni palikuwa na msumari mmoja tu, katikati ya ukuta, umeshapigiliwa.

Regina akafungua kitenge. Akaniangalia. "Baba, nilisema nini?"

"Mama yuko nyuma yake."

Petro akaleta koleo, akang'oa vijisumari na kutoa ubao wa nyuma. Mgongo wa picha ulikuwa na madoa ya ukungu. Ukuta wangu huvuja masika. Akaivuta taratibu, ikagoma, imegandia mchoro kwa unyevu. Akasimama kuniangalia, maana mkwe haharibu kitu cha baba mkwe wake. Nikamwambia avute.

Ilitoka na sauti kama ya plasta ikibanduliwa kwenye kidonda. Mkononi mwa Petro ilibaki karatasi nyeupe yenye bega na kipande cha gauni. Uso ulikuwa umebaki mgongoni mwa mchoro.

Regina akauliza polepole, "Hata siku ya msiba hukuifungua?"

"Sikuifungua."

"Watu waliniuliza kwa nini jeneza halina picha. Nikawaambia mama hakupenda kupigwa picha."

Niliinama kuokota vijisumari. Petro alitoka nje, akasema anaangalia kuni.

Regina aliuchukua mchoro, akaupeleka dirishani. Mama yake alikuwepo, amefifia, kovu lake la shavu la kushoto limehamia kulia, kama alivyokuwa akijiona mwenyewe kwenye kioo. Binti yangu aliutazama mpaka chai ikapoa. Kisha akasafisha kioo cha fremu kwa ncha ya kitenge, akaulaza mchoro kifudifudi, uso wa mama yake ukielekea kwenye kioo.

"Treni itaangalia ukuta," alisema. "Sawa, baba?"

"Sawa." Nilitundika mimi mwenyewe. Regina akaishika fremu upande wa pili.

Nilirudi siku ya pili, mikono mitupu. Dereva alikuwa yule yule. "Mzee, treni umeiacha stesheni gani?" Nikamwambia imefika.

Nyumbani, pale fremu ilipokuwa, pamebaki mraba msafi kwenye rangi iliyochakaa. Michoro mingine ninayo, na fremu nimeshapata, lakini sipazibi. Wageni huniuliza hapo palikuwa na injini gani. Huwaambia hapakuwa na injini. Alikuwa Mama Regina.